Tisa Kamili

Risasi ya kwanza ilivunja taa ya nyuma ya pikipiki.

Ya pili ilipita juu.

Muasya Kiilu hakugeuka. Aliinamia tangi la BSA, akatia gia ya pili, akaiacha barabara ya Mugutha na kujichoma ndani ya shamba la mkonge. Nyuma yake Land Rover ya polisi ilipiga honi, kana kwamba mtu anayekimbia risasi angesimama kwa ajili ya honi.

Mvua ilikuwa na siku kumi na moja. Koti la jeshi lilikuwa limemlowea mwilini, kofia yake imevutwa mpaka puani. Kuhusu uso hakuwa na wasiwasi. Walichokiona pale Ruiru saa ya chakula ni mgongo tu, mgongo wa mtu anayeruka kutoka dirisha la ofisi ya injinia.

Mbele, mkonge ulikwisha na udongo mweusi ukaanza, ule wa kushika gurudumu na kutoliachia. Katikati yake palikuwa na ukanda wa changarawe, mabaki ya njia ya zamani ya toroli, upana wake hatua mbili. Muasya aliujua. Aliupima mwenyewe mwaka jana, akimshikia Mzungu fimbo ya kupimia.

Pikipiki ilipita.

Land Rover haikupita. Alisikia injini ikilia, magurudumu yakizunguka bure, halafu sauti ya inspekta ikimtukana dereva Mwafrika kwa kosa la mvua.

Ilikuwa saa saba na robo mchana, Ijumaa, Aprili 1957. Ndani ya shati lake mlikuwa na kamera ndogo ya Minox, na ndani ya Minox picha kumi na moja za karatasi ambayo haikutakiwa kuonwa na mtu mweusi yeyote.

Amri ilimfikia Jumanne ndani ya pakiti ya sigara. Maneno manne. *Pima maji. Leta karatasi.* Kamati ya siri ya wapigania uhuru haikuwa na maneno mengi. Walioandika mengi walikuwa kizuizini Manyani wakivunja mawe.

Muasya alikuwa Mkamba, na huo ndio uliokuwa ufunguo wake. Mwaka wa hamsini na nne serikali iliwafagia Wakikuyu kutoka Nairobi kwa malori, kazi zao zikabaki wazi, na serikali ikawaita Wakamba kwa sababu ilidhani hawana ugomvi nayo. Muasya aliitika. Akapewa kazi ya survey, ya kupima ardhi, na koti, buti, na pasi ya kwenda popote. Bwana injinia alimwita kijana mzuri. Muasya alikuwa na miaka thelathini na sita, amejenga madaraja Burma na kikosi cha wahandisi, na kubomoa mengine akiwa chini ya moto wa Wajapani. Huko ndiko alikojifunza kwamba daraja halivunjiki peke yake. Kwanza bwawa linachoka. Bwawa likiachia, kalvati inaziba. Kalvati ikiziba, tuta linageuka bwawa jipya. Tuta likivunjika, nenda ukatafute daraja lako baharini.

Sasa kulikuwa na karatasi iliyoyahesabu hayo yote kwa mto Ndarugu.

Kichwa chake kilisema *Makadirio ya Hatari ya Mafuriko*, kwa Kiingereza safi. Ndani, kila kitu kilipewa herufi. Bwawa la shamba la Glenmorrow, A. Pampu, A. Kiwanda cha mkonge, A. Daraja la reli ya Thika, A. Barabara kuu, B. Nguzo za simu, B. Herufi A maana yake kisipotee kwa vyovyote. B, kikipotea kitajengwa tena. C, kipotee.

Na pale bondeni kilipokuwa kijiji cha Kiangoru, vibanda mia nne vilivyozungushiwa seng'enge na handaki lenye mianzi iliyochongwa, mchoraji alikuwa amechora vijinyasi vitatu.

Alama ya malisho. Herufi C.

Nani aliwaweka watu bondeni? Ni hao hao. Waliwachomea nyumba kule mgongoni mwa kilima, wakawapa wiki mbili wajenge huku chini karibu na mnara wa walinzi. Wazee walisema hapa maji hupita. Wakaambiwa wafunge midomo. Miaka mitatu baadaye mvua inakuja na watu wamegeuka kuwa nyasi. Kuna mambo ya kusahau, na hili si mojawapo.

Mpango ulikuwa ukurasa wa pili. Nguzo ya kupimia maji ilisimama daraja la juu, mto haujaingia bwawani. Maji yakisoma futi tisa, msubiri mpaka jioni. Yakisoma kumi, Meja Tarrant, mwenye shamba, afungue mlango wa kwanza wa bwawa papo hapo. Kalvati, mfereji unaopita chini ya tuta la toroli, ilikuwa imekwisha kuzibwa kwa magunia ya mchanga tangu Jumatatu. Kwa hiyo maji yasingefuata mto kuelekea kiwandani. Yangegeuka kushoto.

Bondeni. Kiangoru.

Na ndani ya Kiangoru alikuwamo Wakonyo.

Alikuwa mke wake, Mkikuyu, wa kanisani, tangu hamsini na moja. Mama yake alipofungiwa kule kijijini, Wakonyo angeweza kukaa nje kwa jina la mume Mkamba. Aliingia. Alisema mama hawezi kuteka maji peke yake, na Kamati inahitaji sikio. Akampeleka binti yao Mbula kwa nyanya yake Kangundo, akachukua ufagio, akaomba kazi ya kufagia kituo cha walinzi. Mtu anayefagia haonekani. Husikia kila kitu.

Muasya aliisimamisha BSA chini ya nguzo ya simu ya shamba. Akatoa simu ya jeshi ya kuzungushwa kwa mkono, akapanda, akabana nyaya mbili kwenye waya. Akashuka. Akazungusha.

Upande wa pili alikuwa Gathogo, mzee wa nguzo ya maji, ambaye Muasya alimwita Guka, babu. Miaka ishirini alikuwa akiwasomea Wazungu futi za mto, na hakuna aliyewahi kujiuliza anamsomea nani mwingine.

"Guka."

"Nani?"

"Anayeulizia ng'ombe."

"Ng'ombe wamekunywa."

"Ngapi?"

Mto uliunguruma ndani ya waya.

"Tisa kamili," mzee alisema.

"Tisa kamili," Muasya alirudia, kiaskari.

"Kamili," mzee akakazia, na kukata.

Tisa. Muasya alipumua. Akaiegemeza rula ya hesabu, Faber-Castell aliyoipata Rangoon, juu ya kiti cha pikipiki. Akasukuma ulimi wake, akasoma, akasukuma tena. Hata mvua ikiendelea hivi, alikuwa na masaa matano. Labda sita. Yalitosha kuizibua kalvati kwanza, halafu kuwatoa watu bila damu.

Kwa maana hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Lango la Kiangoru lilikuwa na kufuli, na mnarani palikuwa na homgadi, walinzi weusi wa serikali, wenye bunduki na ruhusa ya kumpiga yeyote anayetoka bila amri. Saa kumi zamu ingebadilika. Saa kumi ufunguo ungekuwa mkononi mwa Philip, aliyevaa kitambaa cha serikali begani na kiapo cha Kamati kifuani.

Muasya alizungusha tena. Philip alipokea, akajibu kwa sauti ya kuchoshwa, ile ya mtu aliyezungukwa na wenzake, kwamba ndiyo, mfagiaji yupo, na kama bwana anataka kumgombeza kuhusu vumbi amgombeze mwenyewe. Kikapita kicheko cha walinzi. Halafu sauti ya Wakonyo.

"Baba Mbula."

"Wako tayari?"

"Wamefunga vitu. Tutoke sasa?"

"Ngojeni saa kumi. Zamu ya Philip."

"Maji hapa kwa handaki yamebadilisha sauti."

"Ni mvua. Mto uko tisa. Nimepima."

Muasya alimjua: alikuwa anatabasamu, ufagio umeegemea bega.

"Haya, fundi," Wakonyo alisema. "Ukishapima sisi tutabishana na nani?"

Akakata.

Saa nane kasoro dakika chache Muasya alikuwa amelala kifudifudi juu ya tuta la toroli, vijiti vinne vya baruti ya machimbo vimefungwa kwa utambi kifuani. Chini yake mdomo wa kalvati ulikuwa umejazwa magunia, yamepangwa vizuri kama matofali. Kazi safi. Watu walioamka asubuhi na kunywa chai ndio walioipanga.

Aliteleza chini, akaanza kuchomeka kijiti cha kwanza.

Maji yalimfika kifundoni.

Alipochomeka cha pili yalikuwa kwenye goti.

Alisimama, akatazama juu ya mto. Maji yalikuwa na rangi ya ngozi mbichi, yamebeba povu, na juu ya povu palikuwa na mbao mpya, zenye alama nyeupe za rangi. Alizijua. Zilikuwa mbao za mlango wa kwanza wa bwawa la Glenmorrow.

Haiwezekani. Tisa ni jioni.

Alipanda tuta kwa mikono na meno. Waya wa simu ulipita palepale. Alibana, akazungusha mpaka mkono ukafa ganzi.

"Guka. Nguzo inasema nini?"

"Unauliza nini tena? Wamefungua. Si nilikuambia?"

"Uliniambia tisa."

"Nilikuambia tisa kamili."

"Tisa kamili ni tisa."

"Wee Mkamba." Sauti ya mzee ilishuka, ikawa ya mtu anayeona shimo baada ya mwenzake kutumbukia. "Tisa ni tisa. Tisa kamili ni ile inayofuata. Hiyo hatuitaji juu ya kitu kilicho na pumzi, mwanangu. Na mto una pumzi."

Muasya alikuwa bado ameishika simu.

Alijua. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba alijua. Mara ngapi amemsikia mama mkwe akihesabu mbuzi wake jioni: saba, nane, *kenda*, na akifika pale ambapo watu wengine wanasema kumi, anasema *kenda muiyuru*, tisa iliyojaa, ili neno lenyewe lisije likampunguzia mifugo au watoto. Wakonyo alimcheka mama yake kwa hilo, kisha akafanya vilevile. Lau Gathogo angesema kwa Kikikuyu, Muasya angeikamata hewani. Lakini mzee alimheshimu Mkamba. Akamtafsiria. Na neno *kamili* likaingia katika sikio lililofunzwa na jeshi, ambamo kamili ni barabara, sawasawa, wala si zaidi.

Futi moja ya maji ilipotea kati ya lugha mbili.

Alizungusha kwa Philip.

"Fungua lango."

"Zamu si yangu bado."

"Mlango wa bwawa umefunguliwa. Mna dakika ishirini. Fungua."

Philip hakuuliza. Alisema sawa, taratibu, kama mtu anayekubali kuongezewa chai. Kabla simu haijakatika Muasya alisikia kiti kikianguka, na mlio mmoja wa bunduki, karibu sana.

Akarudi kwenye kalvati. Maji kifuani sasa. Kijiti cha tatu, cha nne. Utambi aliushika kwa meno. Kiberiti cha Ronson kilikataa mara mbili, kikakubali ya tatu. Alijivuta juu kwa nyasi, akabingirika upande wa pili wa tuta, akafumba masikio.

Ardhi iliruka.

Mchanga, magunia, saruji, vyote vilipaa na kushuka kama mvua nyingine. Halafu kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu mto ulikohoa, ukaupata mdomo wake wa zamani, na nusu ya maji yale ikageuka kulia na kuingia njia yake.

Nusu.

Nusu nyingine ilikuwa imekwisha kwenda.

Toka hapo mpaka Kiangoru ni maili mbili chini. Mpaka bwawani ni maili mbili juu. Na bwawani palikuwa na mlango wa pili, ambao kwa mujibu wa ukurasa wa pili Meja angeufungua mara tu atakapoona ukuta umeanza kutoa jasho. Ukifunguliwa huo, kalvati isingefaa kitu. Vibanda mia nne, lango, mnara, waliotoka na wasiotoka, wote wangekwenda na maji yaleyale.

Muasya aliipanda BSA. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuielekeza chini, kwa mkewe.

Akaigeuza.

Askari wawili waliokuwa chini ya ukuta wa bwawa walimwona anakuja na tope mpaka kwenye nyusi. Walimjua. Ni kijana wa survey. Mmoja alimtania kwamba leo ameamua kupima mto kwa kichwa. Muasya aliwaambia ameagizwa kukagua ukuta, akapanda ngazi.

Meja Tarrant alikuwa juu, ndani ya kibanda cha bati chenye gurudumu la kufungulia mlango. Alikuwa mtu mkubwa, sharubu za kijivu, bastola kiunoni. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mpini, na gurudumu lilikuwa limeshazunguka mara moja.

Bastola ya Muasya, Webley aliyoificha ndani ya koti, ilimgusa nyuma ya sikio.

"Acha."

Meja aligeuza jicho tu. "Wewe nani? Mtu ya survey?"

"Acha mpini, Meja."

"Ukuta nakwenda vunjika, mjinga wewe. Yote nakwenda."

"Hauvunjiki. Kalvati nimeifungua. Kalvati ikiwa wazi, mlango mmoja unatosha. Ukurasa wa nne wa makadirio yako mwenyewe. Umeusoma?"

Meja alikuwa ameusoma.

"Unasema kiwanda kitaingia maji mpaka magotini," Muasya alisema. "Basi. Magoti ya mashine. Kwa ajili ya hayo mkayageuza maji juu ya watu."

"Pale chini hapana iko watu," Meja alisema, na jambo la kutisha ni kwamba hakuwa anadanganya. Alikuwa anasoma ramani iliyo kichwani mwake. "Pale iko majani tu."

Muasya alimvua bastola, akairusha bwawani. Akaurudisha mlango mahali pake, zungusho moja zito, kisha akauchomoa mpini wa chuma na kuutupa palepale bastola ilipozamia. Maji yaliumeza bila sauti. Sasa mlango wa pili usingefunguka mpaka afuatwe fundi wa Nairobi.

Ukuta ulitetemeka chini ya buti zao. Ukatulia.

Mpango ulikuwa umekwisha.

Simu ya ukutani ikalia.

Muasya aliichukua kwa mkono wa kushoto, Webley ikiwa bado kwenye kifua cha Meja.

"Bwawani."

"Ni mimi. Nimekutafuta kwa kila simu ya shamba." Philip. Alikuwa anahema, na sauti moja nyuma yake ilikuwa ya wanawake wengi. "Tumepanda mgongoni, nimebana simu ya kituo kwenye waya. Maji yamesimama. Hayapandi tena."

"Wametoka?"

"Wametoka."

"Wote?"

Philip alianza kueleza mambo ya lango, kufuli alivyolipiga, mlinzi alivyokimbia. Muasya alimwacha aeleze. Alijua mtu anapoanzia mbali.

"Safu ya mwisho, ile ya handakini," Philip alisema hatimaye. "Mama yake hakuweza kutembea. Wakonyo alikuwa ameshatoka, nilimwona kwa macho yangu amepita langoni. Akarudi."

"Halafu?"

"Halafu maji."

"Umemtafuta?"

"Tumempata, Muasya." Philip alikuwa analia sasa, waziwazi, homgadi wa serikali. "Seng'enge ndiyo ilimzuia asiende mbali. Amemshika mama yake. Hatujaweza kuwaachanisha."

Muasya alisema ahsante. Alisema wasiwaachanishe. Alisema wawafunike, na kwamba yuko njiani. Akairudisha simu mahali pake kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

Meja alikuwa ameuona uso wake. Alirudi nyuma mpaka bati likalia. Alianza kusema kitu, Kiingereza safari hii, kitu kuhusu mke na watoto wa kwake.

Kidole cha Muasya kilikuwa kwenye kifyatulio. Kilikaa hapo muda ambao hakuna aliyeupima. Kisha akairudisha bastola ndani ya koti. Meja mfu angezikwa kwa bendera na tarumbeta, na Kiangoru nzima ingelipa. Meja hai angeulizwa kuhusu ukurasa wa nne. Wakonyo angekuwapo, angemwambia hivyohivyo, na kwa ukali zaidi.

Alitoka, akasukuma komeo la kibanda kwa nje. Maji yalikuwa yakipiga kelele kuliko Meja.

Filamu ilifika kwa wakili mmoja mjini Thika Jumapili ile, ndani ya mkate wa boflo. Kabla ya Krismasi Tarrant alikuwa ameuza shamba na kupanda meli, na maswali yakamfuata bila kumfikia. Lakini watu wa Kiangoru hawakurudishwa bondeni tena. Walijenga mgongoni, pale walipochomewa.

Hayo yalikuwa bado mbele. Ijumaa ile, saa tisa na nusu, Muasya alishuka ngazi za bwawa polepole, mvua imeanza kupungua, na wale askari wawili wakamuuliza ukuta unasemaje.

"Utashika," alisema.

Akaomba moto, akawasha sigara, akawarudishia kiberiti chao. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka shingoni. Pikipiki ilikuwa palepale, mafuta nusu tangi. Hakuipanda. Akashika njia ya kuteremka bondeni kwa miguu, mikono mifukoni, hatua za mtu anayetoka kazini.

Askari mmoja alisimulia miaka mingi baadaye kwamba hajawahi kuona mtu mtulivu namna ile. Maili nne, na pikipiki ipo. Wala hakuharakisha.

Hapakuwa na la kuwahi.